Sura Yangu Kwenye Ndoo ya Mtori

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ukungu tangu asubuhi. Ng'ombe kagoma kutoa maziwa. Halafu Esther kaja na simu yake kuniharibia kilichobaki cha siku.

Esther ni jirani yangu. Anasoma simu kama wengine wanavyosoma Biblia. Kasema kuna kijana wa Dar anazunguka mikoani, anakula, kisha anaandika alichokula. Safari hii ameandika migahawa mitano ya chakula cha haraka ambayo mtu akifika Kilimanjaro lazima aitafute. Ya tano chipsi za sijui wapi. Ya nne kuku. Mimi nachambua maharage, namsikiliza kwa sikio moja. Ya kwanza: Mtori wa Bibi Anaeli. Matawi manne — Kwa Sadala, stendi ya Moshi, Kiboriloni, Holili.

Bibi Anaeli ni mimi.

Duka si langu. Ni la mkwe wangu Theopista, mke wa Calvin mwanangu. Jina ndilo langu. Na sura kwenye kibao ni yangu, picha ya Krismasi moja, nimefunga kitambaa cha njano. Na mtori wangu. Niliwapa vyote miaka sita iliyopita, hapa hapa jikoni, kwa sharti moja: ndizi iwe mshare, ikatwe asubuhi, ipikwe siku hiyo, iliwe siku hiyo. Theopista akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama.

Sasa huyo kijana anausifu vipi? Esther akasoma: mzito kama uji, ukila umeshiba mpaka jioni.

Mzito kama uji!

Mtori si uji. Ndizi inaiva na mfupa wake mpaka inakubali, unaiponda, inakuwa supu. Inateremka yenyewe. Kijiko kikisimama, umeharibu. Nikamwambia Esther arudie. Akarudia. Nikasukuma ungo pembeni.

Sijaongea na Theopista tangu Pasaka. Alichosema siku ile mbele ya watu sikiandiki. Tangu hapo hakuna mkungu wa ndizi uliotoka kihambani, kwenye migomba yangu ya nyumbani, kwenda kwake. Na kina mama wa kikundi chetu cha kanisani nao wamemfungia ndizi zao. Sikuwaambia wamfungie. Nilinyamaza tu, kwa ule unyamavu wangu wanaoujua.

Keshokutwa nashuka mjini. Nakwenda kula kama mteja.

Jumatano, 11 Juni 2025

Stendi ya Moshi. Nimefika saa tano. Kibao kikubwa, mimi juu yake nacheka. Meno yamepakwa weupe. Sina meno meupe hivyo tangu Nyerere.

Ndani baridi, feni, meza za plastiki. Msichana wa kaunta kavaa fulana yenye sura yangu. Hajui mimi ni nani.

"Shikamoo bibi. Unakula hapa au unabeba?"

"Marahaba. Nakula hapa. Na wewe umenivaa kifuani."

Akajiangalia. Akaniangalia. Akasema, "Eti eh?" kisha akanipa kikaratasi chenye namba. Namba kumi na saba. Nina miaka sabini na nne, nimewapikia mtori waliojifungua nusu ya Masama kwetu, leo mimi ni kumi na saba.

Hata sijakaa vizuri, wameita. Mtori umefika! Mfupa hauwezi hata kupata joto kwa muda ule. Umekuja kwenye kopo la karatasi na kijiko cha plastiki. Nimesimamisha kijiko. Kimesimama.

Nimeonja. Unga. Unga wa ngano, naujua, unabaki kwenye ulimi kama umelamba bahasha. Vipande vya ndizi vigumu vinaelea humo kama sabuni. Nyama mbili, mfupa hakuna.

Pembeni yangu kijana wa kupandisha wageni mlimani anakula huku anasifia. Nikamuuliza mama yako alikupikia mtori ukiwa mdogo? Akasema ndiyo. Nikamwambia basi kampigie simu umwombe radhi. Wakacheka wote mle ndani. Mimi sikucheka.

Usiku huu nalala Moshi kwa Rachel, mtoto wa Calvin na Theopista. Mjukuu wangu wa kwanza. Tumbo limeshuka, wiki hii au ijayo. Mama mkwe wake hayupo duniani, kwa hiyo kumlea uzazi ni juu yetu. Amesema anataka kuja kukaa Masama kwangu. Nikasema sawa, jiko lipo.

Akasema, "Bibi, ila mama anasema atakuwa ananiletea ndoo ya mtori kutoka dukani."

Nimekunja kanga yangu, nimeikunjua, nimeikunja tena.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Holili. Nimefika mpaka mpakani, nione kama huko ni nafuu.

Si nafuu. Holili hata hawapiki. Mtori unapikwa Kiboriloni, unatiwa ndoo za plastiki, unapakiwa kwenye gari, unafika Holili umelala kama maiti. Wanauongezea maji ya moto, wanaukoroga, wanauuza. Na ndoo zenyewe zina sura yangu kwenye mfuniko. Nimepangwa kwenye shelfu, mimi kumi na mbili, ninacheka.

Lakini hilo silo lililoniuma.

Kaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimejaa vumbi la barabara. Ametoka Taveta asubuhi hiyo hiyo, upande wa Kenya, amevuka kwa ajili ya ndoo. Binti yake kajifungua juzi, maziwa hayatoki. Msichana wa duka akamwuliza kubwa au ndogo. Akasema kubwa. Akagonga mfuniko kwa kidole, pale puani pangu, akamwambia msichana, "Huyu bibi mimi namwamini. Uso wa mtu aliyelea."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hatua mbili. Kitambaa changu leo si cha njano, hakunitambua.

Ningesema nini? Mama, usinunue, huo ni unga na maji? Mbona sikusema? Mimi ambaye nilimwambia mchungaji mahubiri yake ni marefu. Akalipa, akaweka ndoo kichwani, akavuka nayo mpaka. Binti yake sasa hivi anakunywa unga, anasubiri maziwa, anaangalia uso wangu.

Nimerudi Masama na hasira mpaka masikio yanauma.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Chokaa ipo stoo, nusu mfuko, ilibaki tulipopaka banda la ng'ombe. Nimekoroga. Esther kauliza ya nini. Nimemwambia usafi.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimefanya.

Kwa Sadala, siku ya soko, watu wamejaa. Nimefika na ndoo ya chokaa na brashi. Nikaomba ngazi kwa fundi wa jirani. Akasema bibi utaanguka. Nikamwambia nikianguka utanizika, lete ngazi. Akaileta, akaishika, anatetemeka kuliko mimi.

Nikaanza na meno. Kisha macho. Kisha kitambaa cha njano. Jina nimeliacha kwa sababu mkono haukufika.

Wauza nyanya wameacha nyanya zao. Mmoja akapaza sauti, "Bibi, unajifuta mwenyewe?" Nikamjibu bila kugeuka: "Najifuta kabla hujawanunulia watoto wako ule unga." Vijana wa bodaboda wakashangilia. Msimamizi wa tawi, msichana wa Machame mwenye adabu, kasimama chini anasema bibi tafadhali, bibi nitafukuzwa. Nikamwambia mwambie mwenye duka ni mimi nimefanya, nipo nyumbani, anajua njia.

Hajaja. Miezi miwili hajaja.

Jumapili, 15 Juni 2025

Kanisani wananiangalia kama nimefufuka. Picha yangu juu ya ngazi iko kwenye kila simu.

Calvin amepiga baada ya ibada. Mama, umetuaibisha. Nikamwambia nani kaanza. Mama, biashara ni spidi. Nikamwambia basi nenda ukauze petroli. Akasema kwa ile sauti ya marehemu baba yake: "Mama, unajua leo Kwa Sadala foleni imefika barabarani? Watu wanakuja kupiga picha na kibao kilichofutwa."

Nimekata simu. Hata hasira yangu wanaiuza.

Nimekoroga chokaa nyingine. Kiboriloni ndiko jiko kuu lilipo. Kesho nakwenda pale uozo ulikoanzia.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Naandika polepole leo. Mkono mzito.

Kiboriloni nimefika saa nne kasoro, ndoo ya chokaa mkononi. Sikupita mbele. Nilizunguka nyuma jikoni, nikitaka nimkamate anayetia unga. Nikamkuta. Mwanamke mnene, hijabu imefungwa nyuma ya shingo, mbele yake masufuria makubwa manne, mwiko mrefu kama jembe. Pembeni mfuko wa unga uko wazi, hata hajauficha.

"Shikamoo bibi. Wewe ndiye wa kwenye kibao. Kule umependeza zaidi."

Anaitwa Adija. Mtu wa hapo hapo Kiboriloni, babu yake alitoka Kondoa. Si Mchagga kabisa. Nikaanza kumgombeza kabla sijaitikia shikamoo. Nilimtukana mpaka nikaishiwa pumzi. Yeye anakoroga tu. Nilipomaliza akavuta kigoda. "Kaa, bibi. Weka chokaa chini, itamwagika kwenye chakula, ndiyo utazidi kukasirika."

Kwenye kona kulikuwa na sufuria moja ndogo, imefunikwa. Akanichotea bakuli. Bakuli la kweli, la bati.

Nimeonja.

Ulikuwa mtori wangu. Mfupa umetoa kila kitu ulichokuwa nacho. Ndizi imekubali. Unateremka. Nimemaliza bakuli, nimeomba jingine, nimemaliza na hilo. Na niandike ukweli maana hapa hapasomwi na mtu: ulikuwa mzuri kuliko wangu. Chumvi yake ilikuwa sawasawa.

Nikamwuliza huu wa nani. Akasema wa wanaojua. Kila asubuhi ananunua mkungu mmoja wa mshare kwa mama mmoja sokoni pale, anapika sufuria moja kabla ya kazi ya duka. Wapagazi, kina mama waliojifungua mitaa ya jirani, mzee mmoja hana meno. Wanakuja mlango wa nyuma, wanasema, "Cha Adija kipo?" Theopista anajua? Anajua, anajifanya haoni.

"Kama unajua kupika hivi," nikamwambia, "kwa nini unalisha watu unga?"

Akaacha kukoroga. Mara ya kwanza.

"Bibi, mimi napika watu mia nne kwa siku. Zamani ndizi zilikuwa zinakuja kutoka kwenu Masama kila alfajiri, gari zima. Tangu Pasaka hakuna hata kidole. Tajiri kazunguka milima yote, kila mama anamwambia zimekwisha, na migomba anaiona imeinama. Sasa tunaletewa hizi kutoka mbali, zina siku nne njiani, unachemsha mpaka kuni zinaisha, hazipondeki. Supu inabaki maji. Akaniambia tia unga, Adija, mpaka Mama afungue. Nimetia." Akaegemeza mwiko ukingoni mwa sufuria. "Nani amefunga, bibi? Maana huku tunasikia tu 'Mama afungue.' Mama yupi?"

Nikasema sijui.

Ananijua. Aliniangalia tu, akachukua bakuli langu akaenda kuliosha.

Chokaa nimeiacha pale pale mlangoni kwake. Sikuikumbuka mpaka nimefika nyumbani.

Jumatano, 18 Juni 2025

Jana sikuandika. Sikuwa na la kuandika lisilo uongo.

Leo naandika la Pasaka. Tulikuwa ishirini mezani, hapa kwangu. Nimepika mimi. Theopista akaonja, akaweka kijiko chini, akasema, si kwa ubaya labda, lakini kwa sauti ya kusikika: "Mama, siku hizi mkono wako unatetemeka, chumvi inakuzidi. Rachel akijifungua tumpelekee mtori wa dukani tu, upumzike."

Upumzike. Mtu niliyemlea uzazi miezi mitatu hapa hapa, alipomzaa huyo huyo Rachel. Nilimwogesha. Nilimkanda. Alikunywa mtori wangu mpaka maziwa yakawa yanalowesha mto. Leo mkono wangu unatetemeka!

Unatetemeka. Ndiyo. Angalia mwandiko huu. Na siku ile chumvi ilizidi, niliionja baada ya wageni kuondoka.

Lakini unasemaje vile mbele ya watu?

Na mimi, kwa neno moja la chumvi, nimefunga milima. Nimemfungia yeye, na aliyekula unga ni binti wa Taveta ambaye hata jina lake silijui.

Bado nina hasira. Sijajua tu niiweke wapi.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Rachel amejifungua alfajiri. Wa kike. Mama na mtoto wazima. Calvin analia kwenye simu kama yeye ndiye alikuwa na uchungu. Kesho wanamleta kwangu.

Nikamwuliza na mama yake? Akasema, "Mama, hilo ongeeni nyie wawili, mimi nimechoka kuwa daraja."

Nimepita kwa Esther na kwa kina mama wengine watatu. Nimewaambia kesho mwenye mkungu uliokomaa aukate, gari la Kiboriloni lipite lichukue. Wakaniuliza, kwani umepatana naye? Nikawaambia kateni ndizi, acheni kuchunguza.

Nimetuma ujumbe kwa Adija kupitia simu ya Esther. Maneno matatu tu: Gari lije kesho. Akajibu: Nimeelewa, bibi. Chokaa yako ipo.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Nimeamka mapema, nimekata mkungu mmoja, mshare, ule wa karibu na mfereji niliokuwa nautunzia Rachel. Nikafika mpakani mwa kihamba, kwenye masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka. Kwetu ukimpelekea mtu jani la isale, hawezi kukukatalia msamaha, hata awe ameumizwa vipi. Nimelikata jani moja. Refu, zuri. Nikasimama nalo pale kama mpumbavu.

Maana anayebeba isale ni aliyekosa. Mimi mama mkwe nimpelekee mke wa mwanangu? Na yeye aliyesema vile mezani? Nimerudi nalo ndani ya kanga, wasinione.

Saa tatu gari la Kiboriloni limepita. Nimehesabu mikungu kwa macho mpaka kona. Liliondoka limejaa.

Saa nne Theopista kaingia. Peke yake, katangulia, Calvin atamleta Rachel mchana. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, jani mkononi. Nilisikia hatua zake, nikalikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Ana ndoo ya dukani mkononi, ile yenye sura yangu. Nikajua tu, kaleta ule uji wake, nikajiandaa kuitupa nje. Akaifungua. Tupu. Imeoshwa. Akasema ni ya kuchotea maji.

Hakusema pole. Mimi sikusema pole. Alivuta kigoda cha pili, akachukua kisu, akaanza kumenya. Ana zile kucha za kubandika, nyekundu. Kwenye ndizi ya tatu ukucha mmoja ukang'oka, ukaangukia kwenye maganda. Akautazama. Akazing'oa na nyingine zote tisa, moja moja, akaziweka dirishani. Utomvu umeshamtia weusi vidoleni. Anamenya vizuri. Nilimfundisha mimi.

Sasa ni saa sita. Nimechukua daftari nikisema naandika orodha ya vitu vya mtoto. Yeye hajauliza. Mfupa unachemka tangu asubuhi. Ndizi zimeingia, zimekubali, ameziponda yeye, nimemwangalia kila mzunguko wa mwiko na sikupata la kumkosoa, jambo ambalo limeniudhi.

Imebaki chumvi.

Kikombe cha chumvi kiko sakafuni katikati yetu. Ameshageuka kukitazama mara mbili. Mimi pia. Hajanyoosha mkono. Mimi wangu nimeuficha chini ya daftari. Mara akasema, akiangalia moto, "Mama, Rachel amesema anataka aukute wa moto."

Nikasema, "Nimesikia."

Gari linapandisha kwenye kona ya kanisa, naijua ile injini ya Calvin. Supu inachemka bila chumvi. Jani bado nimelikalia, nalisikia, na nikijiinua kuchukua chumvi ataliona.